Mzigo Uliokataliwa Kwao

Zuhura mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, na pale mlangoni umenigeukia ukasema, "Baba, nikirudi nataka jibu." Kisha ukaufunga mlango polepole, kama daktari anayemwachia mgonjwa nafasi ya kuzungumza na nduguze. Hiyo tabia umeitoa kwa mama yako. Sisi kwetu tunabamiza milango, na mambo yanaisha.

Jibu lenyewe nimeshindwa kulitamka mezani siku zote hizi. Unanijua. Mdomo wangu ni hodari wa utani, na ukiachiwa peke yake utatania mpaka ndege yako iruke kesho, nami nibaki uwanjani nikipunga mkono na jibu langu limebaki mfukoni. Kwa hiyo nimekaa, nimezima simu, nimechemsha chai ambayo sijainywa, nakuandikia.

Habari za koti sitazigusa. Mama yako amekwambia habari za koti kwa sauti, kwa maandishi, na kwa picha ya mwanamke tusiyemjua aliyevaa koti. Habari za kula na kulala na kuswali unazijua kuliko mimi, mtu niliyeshuka mji huu mara ya kwanza mwezi wa Januari nimevaa ndala, kwa sababu kuna mjuzi mmoja aliniambia China ya kusini hali yake ni kama Tanga.

Nitasema la swali lako tu. Ila nitalizunguka kidogo, maana ndivyo ninavyoweza.

Nianze na siku niliyokutangaza. Niliingia mgahawani pale Xiaobei baada ya swala ya Ijumaa, nikasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kitu, "Mwanangu anakwenda kufanya kazi Bungeni, Marekani." Watu waliacha kula. Mmoja akaniuliza kama utakuwa unamwona Rais. Nikamjibu, "Mara mojamoja." Bahati mbaya ukatokea wewe, ukanisahihisha mbele ya watu na mbele ya pilau yao: si bunge la taifa, ni la jimbo. Kule kila jimbo lina bunge lake. Kwetu jimbo lina mbunge mmoja na tunalalamika hatumwoni. Kwao jimbo moja lina wabunge wa kujaza ukumbi, na wengine, ulisema, wana kazi nyingine kabisa, huyu mwalimu, yule mkulima, yule anauza bima. Utakuwa msaidizi katika ofisi ya mbunge mmoja mama, kwa mwaka mmoja, katika mji ambao Wamarekani wengi wenyewe hawajafika.

"Wanajadili nini huko?" aliuliza Bi Rukia, mwenzetu tunayechangia naye kontena la mizigo.

Ukamwambia: likizo ya ugonjwa kwa wapishi wa mahotelini, kodi za nyumba, chakula cha mchana mashuleni, rangi za midoli.

Bi Rukia akanitazama. "Mwenyekiti, si ndicho kikao chetu cha kontena hicho!"

Watu walicheka nami nikacheka, lakini ndani nilinywea kama puto. Nilikuwa nimeshampeleka mwanangu ikulu, akanirudisha kwenye kikao cha kontena. Nimekaa na jambo hilo wiki nyingi sasa, na naanza kuona kwamba Bi Rukia alisema kweli, na kwamba kweli hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Ungekwenda ikulu nisingekuwa na hofu hivi. Ikulu mtu anabeba mafaili. Kwenye kikao cha kontena watu wanagusana mifuko.

Sasa huo muswada. Nilikusikiliza vizuri juzi, ingawa nilijifanya nashughulika na mwiba wa samaki. Mbunge wako anataka jimbo lake lipige marufuku madini ya risasi na sumu nyingine kwenye midoli na mapambo ya watoto. Hilo, ulisema, litapita, hata wapinzani wana wajukuu. Kinachogombaniwa ni kipengele kimoja mwishoni: kampuni itakayozuiwa kuuza iseme mzigo uliobaki imeupeleka wapi. Watu wa kampuni, wale wenye suti wanaoshinda kwenye korido, wanataka kipengele hicho kifutwe. Wanasema mabaki huteketezwa. Wanasema hakuna ushahidi kwamba huuzwa kwingine.

Ukaweka kijiko chini. "Baba, ushahidi ni wewe."

"Mimi muuza sufuria."

"Kabla ya sufuria."

"Kabla ya sufuria nilikuwa kijana mzuri. Muulize mama yako."

"Baba."

"Na nywele nilikuwa nazo."

Hukucheka. Ulisema kamati itakaa kusikiliza maoni muda mfupi tu baada ya wewe kufika, kwamba mtu yeyote, popote alipo, anaweza kupeleka maelezo kwa maandishi, na kwamba maelezo yenye jina huwekwa kwenye kumbukumbu za bunge ambako yeyote atayasoma. Yasiyo na jina, "mfanyabiashara mmoja wa Afrika Mashariki", huwekwa kando. Ukaniomba jina langu. Nikakuuliza kama samaki ana chumvi ya kutosha.

Habari yenyewe unaijua, maana nimekuhadithia mwenyewe, na mama yako amekuhadithia kwa namna yake. Lakini hujaisikia kutoka kwa mtu anayeogopa kuiandika, basi isikie.

Wewe ulikuwa Dar na mama yako, darasa la kwanza hivi, nami nilikuwa mgeni hapa, na duka la Bosi Lan pale Yide Lu ndilo lilikuwa chuo changu. Unaijua Yide Lu: upande huu midoli na madaftari, upande ule kamba na samaki wakavu, unarudi nyumbani unanuka gundi na dagaa. Bosi Lan hakujua Kiingereza, mimi sikujua Kichina. Tulizungumza kwa kalkuleta. Siku moja akaniita nyuma ya duka akanionyesha maboksi yaliyofika darini. Bangili za watoto, nyembamba, zinang'aa kama macho ya paka. Akaniandikia bei. Ilikuwa bei ya kilo, kama misumari.

Nikamuuliza kwa mikono, mbona rahisi? Akanionyesha kwa kidole maandishi ya Kiingereza ubavuni mwa boksi, jina la jimbo moja la Marekani, kisha akapishanisha mikono kifuani akasema, "Meiyo." Hakuna. Huko hazitakiwi tena. Akagusa kichwa chake, akagusa tumbo, akashusha kiganja mpaka kwenye kimo cha mtoto.

Nilielewa, Zuhura. Sikuhitaji mkalimani. Nikamuuliza, kwa mikono ileile, jambo moja tu: "Unayo mengine?"

Mizigo ya namna hiyo tunaiita stoku, na tulikuwa tunaipenda kama watoto wanavyopenda Idi. Sisi huku tulizijua sheria za Marekani kabla magazeti yao hayajaziandika, kwa sababu tulizisoma kwenye bei. Ikisemwa kule kwamba sheria itaanza mwakani, Yide Lu mvua ya maboksi inaanza wiki hiyohiyo. Kila mwenye mzigo anataka kuutua kabla ya tarehe, na mahali pa kuutulia ni mabegani mwetu. Kule wanapongezana kwamba wamewaokoa watoto. Na wamewaokoa kweli, siwabezi. Wa kwao.

Mama yako alizipokea Kariakoo zikauzika kabla hajazipanga. Akanitumia picha yako umezivaa mpaka kiwikoni, na moja umeitia mdomoni unainyonya. Niliicheka ile picha. Niliwaonyesha watu.

Hatukukupima damu. Hatukumpima mtoto yeyote. Mpaka leo ukisahau simu kwenye teksi wewe unasema "lo, nimesahau," unaendelea na maisha, na mimi naikumbuka ile picha. Kisha najikumbusha kwamba una shahada mbili, na kwamba mimi ambaye sikunyonya bangili yoyote nilisahau siku ya ndoa yangu mwenyewe mara kadhaa na ushahidi upo kwa mama yako. Najituliza hivyo. Halafu unasahau funguo, naanza upya.

Wakati unakuja hapa kusoma nilikuwa nimeshahamia kwenye sufuria, si kwa ucha Mungu, ni kwa sababu sufuria hazipitwi na fasheni. Wewe ndiwe uliyekaa kwenye meza hiihii ukanisomea madini yale yanafanya nini kwenye ubongo wa mtoto. Ulisoma kwa sauti ya upole, na upole wako ulinikera zaidi. Wiki ile nikaamua kutunga sheria.

Hapa sasa ndipo nakuomba usome taratibu, maana huu ndio utaalamu pekee nilio nao katika fani yako.

Nilikuwa mwenyekiti wa kundi letu la kontena, cheo ambacho wewe huwa unakitaja huku umebana midomo. Watu wanaochangia kontena moja, kila mtu na sehemu yake, hukaa kikao mgahawani Ijumaa. Nikasimama nikatoa hotuba. Nilisema "kizazi kijacho" mara nyingi mpaka mpishi akachungulia kutoka jikoni. Nikatangaza kwamba kuanzia sasa bidhaa yoyote ya watoto isiyo na karatasi ya maabara haipandi kontena letu. Nani anapinga? Hakuna. Watu walipiga makofi. "Sawa kabisa, Mwenyekiti!" Nilirudi nyumbani nikakwambia tumepitisha, na ukanikumbatia, na siku hiyo nilijiona nastahili sanamu.

Siku ya kupakia, robota moja la suruali za jinzi kutoka soko la nguo la Shahe likapasuka pale ghalani. Suruali zikamwagika, na kutoka mifukoni mwa suruali, kila mfuko, mbele na nyuma, zikamwagika bangili.

"Bi Rukia, nini hiki?"

"Suruali, Mwenyekiti."

"Na ndani ya mifuko?"

"Mapambo ya suruali."

"Bangili za watoto hizi!"

"Mwenyekiti, kanuni ni yako, isome. Umesema bidhaa za watoto. Hizi suruali ni za watu wazima. Bangili inasafiri na suruali ya mtu mzima. Imekuwa mtu mzima nayo."

Wapakiaji, Wachina watupu, walicheka mpaka wakakaa chini, na hawakujua hata neno moja la tulilosema. Nadhani uso wangu ulitosha.

Niligomba sana. Bi Rukia aliniacha nimalize, akanivuta pembeni, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Akasema, "Idrisa," na alikuwa hajawahi kuniita jina langu, "wewe umepiga marufuku kitu usichouza. Ulipokuwa ukiziuza wewe, hatukusikia habari za kizazi kijacho. Ungepiga marufuku sufuria ningekuvulia ushungi."

"Lakini mlipiga makofi."

"Tulikuwa na njaa. Ulisimama kati yetu na chakula."

Nikamuuliza basi angetaka iweje. Alinitazama kama mtu aliyengoja miaka kuulizwa. Akasema ana wateja wanaotaka kitu cha kung'aa mkononi mwa binti siku ya sikukuu, kwa hela kidogo, na mimi nikimwondolea bangili nimpe cha kushika badala yake. Ni yeye aliyezunguka mwezi mzima akapata mtu anayesuka bangili za nyuzi na shanga, na sisi tukakubali kununua pamoja ili bei ishuke. Kanuni yangu ilikufa, hotuba na yote. Mpango wa Bi Rukia uko hai, unachechemea. Wapo waliotukimbia wakahamia makontena mengine, na bangili zile bado zinasafiri huko. Sitakudanganya kwamba tulishinda.

Zuhura, hofu yangu haiko kwenye baridi ya kule. Naogopa kwamba umefanana na mimi siku ile niliposimama na ile hotuba. Una haraka. Ukishaona haki iko wapi, unamshangaa mtu anayeuliza bei. Utakaa katika vile vyumba utasikia watu wakisema sawa kabisa, utapiga simu usiku wa kwetu utasema, "Baba, kila mtu anatuunga mkono!" Nami nitataka kukuuliza, wamekula? Kuna mtu kule, sijui nani, labda mama mwenye duka dogo la zawadi kwenye mji mdogo, ambaye sheria yenu itamkuta na maboksi tayari ndani. Mfuate kabla ya kikao. Asipofuatwa na wewe atafuatwa na wenye suti, wamwambie wao ndio marafiki zake, na siku ya kamati atasimama upande wao akilia kweli.

Na huyo mbunge wako. Umenionyesha video zake, ana sauti nzuri, nampenda. Lakini jioni moja atakuja kwenye meza yako na kusema, "Kile kipengele cha mwisho tumekitoa ili mengine yapite." Naiona siku hiyo kama ninavyoiona mvua hii dirishani. Najua utakavyofunga mlango. Nakuomba siku hiyo usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujalala, na usimwite msaliti kabla hujajua kura zake zilikuwa ngapi. Huenda ni msaliti kweli, sijui. Wapo. Ila huenda ni mtu anayebeba bangili za shanga mkononi akijua za risasi bado ziko njiani, na anarudi mwakani kwa zilizobaki. Mimi nilihitaji kumwagikiwa na suruali ndipo nijue tofauti. Wewe nakutakia njia yenye aibu ndogo kuliko hiyo.

Haya. Jina.

Ulidhani nakwepa, na ulikuwa sahihi, lakini katikati ya kukwepa nilifanya kazi kidogo. Nilikwenda kwa Bi Rukia kwanza, maana nikiandika kwamba kontena letu lilibeba mizigo ile nimemwandika na yeye. Nilimkuta Shahe amekalia robota anakula machungwa. Nikamweleza. Alitafuna akiwaza.

"Watasoma Wamarekani?"

"Watasoma."

"Basi usiandike kwamba tulidanganywa. Mimi sijadanganywa na mtu. Andika kwamba mkesha wa Idi alikuja mama na mtoto analia, ana hela ya bangili moja, na ya kumpa nilikuwa nayo. Wakitaka kusikia habari waisikie nzima." Akafuta mikono. "Na mwambie Zuhura asivae vile viatu vyake vyeupe kule, vinaonekana vya nesi."

Nimetimiza ahadi ya viatu.

Leo asubuhi nikaenda Yide Lu. Bosi Lan amezeeka, na Kichina changu kimekua, kwa hiyo sasa tunaweza hata kugombana. Mwanawe anakaa kwenye kaunta. Nilimwambia yote: kamati, muswada, maandishi, jina langu. Alisikiliza akipanga penseli kwa rangi.

"Duka langu utaliandika?"

"Sitaliandika."

"Nchi yangu utaiandika vipi?"

Nikamwambia nitaandika ilivyokuwa. Kwamba mzigo uliagizwa na kampuni ya kule, ukakataliwa na sheria ya kule, na kampuni ikaupa mgongo ukiwa hapa. Akapanga penseli nyingine.

"Waambie basi," akasema. "Siku wanaandika sheria yao nzuri, mzigo umeshafika dukani kwangu. Kiwanda hakirudishi. Kampuni haipokei simu. Nifanye nini, nizitafune? Jina lako ni lako, rafiki. Jina la duka hili ni la mwanangu."

Miaka yote hii sijawahi kuingia duka lile nikatoka bila chai. Leo hakumimina. Hakunifukuza pia. Aliniambia niangalie ngazi, zimelowa, jambo ambalo huwaambia wateja asiowajua.

Sitakuficha kwamba ninaogopa. Unajua jinsi tunavyoishi mji huu. Barua ya kunialika ili nipate viza kila mwaka hutoka kwa watu kama yeye. Soko hili halipigi kelele. Likikuchoka, halikwambii, unauliza mzigo unaambiwa meiyo, duka la pili meiyo, la tatu meiyo, na huku unaziona sufuria zimepangwa nyuma ya kichwa cha anayekwambia. Siku hizi Marekani na China wakikohoa sisi tunaugua. Atatokea mtu aseme yule Mtanzania anawaandikia Wamarekani mabaya ya bidhaa za huku, na kabla sijaeleza kipengele cha mwisho cha muswada wa jimbo ambalo siwezi hata kulitamka, nitakuwa Kariakoo nikimsaidia mama yako kupanga mabakuli. Mama yako anasema hilo si tishio, ni dua yake. Nilimpigia jana. Nilitaka anikataze, ukweli ni huo. Nikasikia watu wakiulizia bei nyuma yake, kisha akasema, "Baba Zuhura, mimi ndiye niliyekuwa nazifungia kamba kwenye mikono ya watoto wa watu, kwa sababu zilikuwa zinawapwaya." Akakata simu. Alikuwa na mteja.

Kwa hiyo nimekaa hapa tangu alasiri nikijiuliza kwa nini ile kanuni yangu haikuwa na uzito wa hata robota moja, na nimeona ni vile Bi Rukia alivyosema. Haikunigharimu. Maneno haya yatanigharimu, sijui kiasi gani, na kutojua huko ndiko kunakonitoa jasho hadi kwenye karatasi, samahani kwa hapo juu palipotapakaa wino.

Andika jina langu. Lote.

Waandikie kwamba nilinunua bangili zile, kwamba niliambiwa kwa nini ni rahisi, na nikataka zaidi. Usinitengenezee kilema cha ujinga ili wanionee huruma. Rasimu yako ile uliyoniachia juu ya friji inasema "bila kufahamu madhara," na umeandika hivyo kwa kunipenda, lakini yafute maneno hayo. Nilifahamu. Andika habari ya Bi Rukia kama alivyotaka, na yule mama wa mkesha wa Idi. Duka la Yide Lu liite duka. Na wakikupa nafasi ya kusema neno lako mwenyewe, waulize hiyo tarehe ya kuanza. Waulize, kati ya siku wanayopiga kura na siku sheria inapoanza, maboksi yanalala wapi. Sisi tunajua yanalala wapi, lakini wacha wao walitafute jibu wenyewe humo ukumbini, mbele ya watu, kwenye kumbukumbu.

Huenda kipengele kikafutwa hata hivyo. Huenda mimi nikapoteza mji na wao wasisome zaidi ya ukurasa wa kwanza. Nimeshaliwaza hilo, na bado nasema andika.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niulize habari za chumvi ya samaki badala ya kukujibu. Utasoma maelezo yale mbele ya kamati, na mmoja wao, mpinzani au rafiki, atavua miwani akuulize, "Huyu mtu aliyenunua sumu akijua ni sumu, akaiuzia watoto wa kwao, unamfahamu?" Watu wote watakugeukia. Utakuwa na ushungi wako na koti la mama yako na Kiingereza chako kizuri. Ninajua utasema kweli, sina wasiwasi na hilo. Ninaogopa ule muda mfupi kabla hujasema. Nimeshauona mara nyingi, usiku na mchana, unavyovuta pumzi kwanza.

Mwanangu, usivute pumzi. Sema papo hapo, ni baba yangu. Halafu uendelee kusoma.

Radhi zangu unazo zote, ulikuwa nazo kabla hujaniomba jina.

Baba yako,
Idrisa Makame Shaame
(liandike hivyohivyo, na Shaame ina a mbili, hao jamaa watataka kuila moja)